Kiti cha Saa Nane: Maisha ya Mama Penseli, 1957–2024

Poleni nyote kwa msiba, na wakubwa shikamooni. Ninyi mliotoka zamu asubuhi hii mkaja hapa moja kwa moja na viatu vya wodini, nawaona. Yeye pia angewaona, na kabla ya kuwasalimu angeuliza ni nani aliyewapanga hivyo. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani. Nimepewa dakika kumi, na msemaji wa familia ameniwekea saa mezani kabisa ili tusije tukakosana. Nitazidisha kidogo, anisamehe.

Wasifu mlioushika mkononi ulichapishwa Alhamisi. Mengi nitakayosoma yamo humo, na mwenye macho mazuri anaweza kufuatana nami. Lakini kuna sehemu haimo. Nimeiandika leo asubuhi kwa penseli yake, kwa hiyo msiitafute kwenye karatasi. Dada yangu alituomba jambo moja tu katika ugonjwa wake: saa yake ya mwisho asiwe peke yake. Tangu jana jioni nasikia inasemwa kwamba alikuwa peke yake. Nasikia pia kwamba yupo mtu aliyeketi nyuma kabisa, mtu mrefu ambaye hata akiketi hawezi kujificha, na kwamba tangu Jumanne hali chakula wala hashiki simu kwa kuamini kwamba kosa ni lake. Nitafika huko. Namwomba asiondoke kabla sijafika.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mfuaji wa hospitali. Mama yetu hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alimlaza kwenye kapu la nguo uani kwa dobi, chini ya kamba za kuanikia. Shuka za wodi zote zilipita juu ya uso wake zikipepea, moja baada ya nyingine, nyeupe tupu. Mama alisema mtoto yule hakulia mradi shuka zinatembea. Upepo ukitulia ndipo alipokumbuka kwamba ana njaa. Nilipozaliwa mimi, miaka saba baadaye, nililia vya kutosha kwa wote wawili. Dada ndiye aliyenibeba, na nilipomchosha alinipeleka pale pale uani akanilaza chali, akaniambia nitazame. Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande na pamba iliyopigwa na jua, nasinzia. Kwa mtu anayeshona nguo za watu hilo ni tatizo, wateja wangu mliopo hapa mnajua.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza mwaka 1971. Ripoti zake tumezitunza. Hesabu nzuri, imla nzuri, na chini yake mwalimu wa darasa la nne ameandika: "Daftari lake liko darasani, mwenyewe yuko dirishani." Mwalimu huyo huyo alimpa kazi ya kupanga zamu za kufagia darasa. Orodha ambayo wengine waliimaliza katika kipindi kimoja, yeye ilimchukua siku tatu. Alipoulizwa sababu, alisema, "Nilikuwa nawaona kwanza, mwalimu." Kumbe alikaa pale dirishani akawapitisha wenzake kichwani, mmoja mmoja, siku kwa siku: huyu Jumanne anamchotea bibi yake maji, huyu na yule wamenuniana wasipewe fagio siku moja, huyu ana kifua na vumbi litamsumbua. Orodha ile ilidumu mwaka mzima bila ugomvi, na mwalimu akaacha kulalamikia dirisha.

Alisoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, kisha mwaka 1976 akachukua mafunzo ya upigaji chapa na utunzaji wa kumbukumbu, ambako alitoka wa pili. Aliyetoka wa kwanza, alipenda kutukumbusha, alikuwa na mashine ya chapa nyumbani kwao. Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika hospitali ile ile aliyolelewa uani kwake. Masjala ilikuwa chumba cha chini, rafu hadi darini, majalada ya wagonjwa yamefungwa kwa kamba, na dirisha moja lililotazama kwa dobi. Mama yetu alikuwa akimpitishia chai kupitia dirisha hilo, mkono ukitokea katikati ya shuka.

Sasa kuna tarehe ambayo familia yetu haikuwahi kuisoma hadharani. Jumatatu, 22 Oktoba 1979, mama alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, ghorofa moja tu juu ya masjala. Dada alimpitia saa saba mchana, akamwekea maji karibu, akashuka kazini akijua muuguzi yupo. Muuguzi wa asubuhi aliondoka saa nane. Wa mchana aliingia saa tisa kasoro. Hapo katikati hapakuwa na mtu, na hapo katikati mama yetu alifariki. Walimkuta uso umegeukia mlangoni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilitaka mtu afukuzwe kazi. Dada alikwenda kumtafuta yule muuguzi wa asubuhi, na akamkuta stoo ya shuka, ameketi sakafuni analia, binti mrefu ajabu, magoti yamemfika kidevuni. Dada hakumpigia kelele. Aliketi naye sakafuni. Walikaa hivyo kitambo, kisha akamuuliza, "Uliingia kazini lini?"

"Jana saa nane mchana," akajibu binti. "Karatasi iliniandika zamu tatu mfululizo."

"Nionyeshe hiyo karatasi," dada akasema.

Kazi yake yote ilianzia hapo. Mwezi uliofuata aliomba kuhamishwa masjala kwenda meza ya ratiba, kazi iliyokuwa inakimbiwa na kila mtu, kwa sababu mpanga zamu hupendwa siku mbili kwa mwaka na siku zilizobaki anasemwa. Jambo la kwanza aliloomba ni kanuni moja tu. Anayetoka zamu haondoki mpaka anayeingia asimame mbele yake aseme kwa mdomo, "Nimepokea." Kuandika peke yake hakutoshi, na kupungiana mikono koridoni ndiyo kabisa. Madaktari walicheka kidogo. Baada ya miezi miwili walikuwa wanasema wenyewe, wapishi wakadaka, na walinzi wa getini nao wakapokeana kwa sauti ya juu hadi wagonjwa wanaoruhusiwa wakadhani ndiyo salamu ya kuagwa.

Namna yake ya kupanga wengi wenu mliiona na hamkujua ndiyo kazi yenyewe. Tarehe ishirini ya kila mwezi alifunga mlango, akaegemeza kiti dirishani, akafumba macho. Alikuwa anautembea mwezi ujao. Alisema anauingia kupitia mlango wa mapokezi, tarehe moja, anapita koridoni polepole, anafungua wodi moja moja, na katika kila chumba anamwona mtu na siku yake: huyu mtoto wake anafanya mtihani, huyu amefiwa wiki mbili zilizopita na bado anatabasamu kwa nguvu, huyu mimba imemfikisha mahali ngazi zinamchosha. Akifika tarehe thelathini anatokea uani kwa dobi, anafumbua macho, anaandika. Mganga mkuu mmoja aliwahi kufungua mlango ghafla akamkuta katika hali hiyo. "Katibu, umelala?" akamuuliza. "Niko tarehe kumi na saba, daktari," dada akamjibu bila kufumbua macho. "Funga mlango taratibu, kuna mtu anapumzika."

Aliandika kwa penseli, na ndipo jina la Mama Penseli lilipotoka. Alisema watu hubadilikiwa, na wino hauna huruma. Penseli ilikaa nyuma ya sikio la kulia miaka yote, na wakati wa kumwandaa juzi tuliona ngozi pale imefanya kijishimo. Na kila ratiba aliyoandika ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho ambao hakuujaza. Mtu akija mlangoni mtoto anaumwa, au mguu umevimba, au moyo tu umemwelemea, dada hakumtaka aeleze sana. Alisema, "Nenda, mstari wa mwisho upo." Mstari huo ulikuwa wake yeye. Kama ni zamu ya mapokezi au masjala, aliishika mwenyewe. Kama ni ya wodini, alimpigia simu mtaalamu wa kuja kushika, na mpaka huyo afike alipanda juu akaketi kwenye kiti kati ya vitanda. Alikuwa akisema, "Sindano sijui. Kukaa najua."

Aliongeza elimu kwa masomo ya jioni, akapata stashahada ya uongozi wa huduma za afya mwaka 1988. Alipanda kuwa afisa utawala mwaka 1991, na tarehe 1 Julai 1999 akawa katibu wa hospitali, cheo alichokishika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017. Mwaka 2004 walimwita makao makuu, ofisi yenye zulia. Alikaa wiki tatu akaomba kurudi. Tulipomuuliza kulikoni alisema, "Kule madirisha yanatazamana na madirisha." Mambo aliyoyafanya kwenye kiti chake mnayajua kuliko mimi: chumba cha kunyonyeshea watoto wa wauguzi, vitanda viwili vya kujinyoosha nyuma ya masjala, na lile swali lake. Siku mtoa dawa kijana alipochanganya chupa mbili, na bahati njema mgonjwa hakudhurika, kikao kizima kilitaka kujua alisoma wapi. Dada aliuliza, "Ulikuwa umekaa peke yako kwa saa ngapi?" Kijana akasema saa kumi na moja mfululizo. Kikao kikaacha kumjadili kijana kikaanza kujadili dirisha la dawa, na tangu siku hiyo dirisha hilo lina watu wawili. Kijana yule leo ndiye mkuu wa idara. Ametoa gari lililotuleta hapa.

Na yule binti mrefu wa stoo ya shuka? Akawa rafiki yake wa maisha. Tulimwita Mrefu, wodi zote zilimwita Mrefu, na mwenyewe akiitwa kwa jina lake hageuki. Kwa miaka thelathini na tano walikunywa chai pamoja saa nne asubuhi, mmoja anazungumza na mwingine anatazama shuka. Mimi sikuficha kwamba nilimwonea wivu. Dada yangu alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, lakini siri zake zilikwenda ghorofani.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1983, na fundi umeme wa hospitali, shemeji yangu huyu aliyeketi mbele yenu. Uchumba wenyewe ulikuwa hivi. Fundi alijaza fomu ya kubadilishiwa zamu, na kwenye sehemu ya sababu akaandika: "Naomba Jumamosi zangu zilingane na za mpanga ratiba." Dada aliandika chini yake kwa penseli, "Ombi linafikiriwa," akairudisha kwenye trei. Fundi alisubiri miezi minne, na katika miezi hiyo taa ya ofisi ya ratiba ilikaguliwa kuliko taa ya chumba cha upasuaji. Mwishowe fomu ilirudi na neno moja limeandikwa kwa wino: "Limekubaliwa." Shemeji anasema ndiyo maandishi pekee ya wino aliyowahi kupewa na mkewe, na fomu hiyo iko mfukoni mwake sasa hivi. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na kijana, ambao walijifunza kusema "Nimepokea" kabla ya kujifunza kusema asante.

Agosti 2022 alianza kuvimba miguu na kukatika pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Mimi nilisema nilijua siku nyingi kwamba umepanuka, na yeye akacheka mpaka akahitaji kukaa. Alitumia dawa, alitembea polepole, na siku mbili kwa juma aliendelea kuwafundisha makatibu wachanga namna ya kuutembea mwezi. Jumatatu, 29 Aprili mwaka huu, alilazwa, na wakampa chumba cha pembeni ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama kwa dobi. Siku ile ile alitukusanya, familia na wenzake, akasema lile ombi lake. "Sina hofu ya kwenda. Nina hofu ya saa ile ya kubadilishana. Asiwepo aliyetoka, asiwepo aliyeingia. Msiniache hapo."

Mrefu akasema, "Niachie mimi." Kufikia jioni alikuwa amepanga ratiba ya kukaa kitandani pale, mchana na usiku, saa mbili mbili, watu arobaini: wapishi wastaafu, makarani, madereva, daktari bingwa mmoja aliyeomba asipangwe na mkwewe. Kila mmoja alipewa nakala, na moja ikabandikwa kwenye kabati la chumbani. Ndipo mimi niliponuna, na nasema hivi nikiwa na aibu. Nilisema sipangwi kwenye karatasi kwenda kumwona dada yangu. Nilisema wao wamekuwa naye miaka arobaini, sasa wanataka na kitanda. Mrefu aliniuliza mara mbili anipe saa zipi. Nikamwambia asiniandike popote, kwa hiyo nilikuwa nachungulia siku nyingine dakika kumi, nasimama, naondoka, ili isionekane kwamba nimeshika zamu ya mtu.

Hapa ndipo karatasi yenu inapoishia kwa kusema marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mchana. Sasa nasoma ya penseli.

Jumanne ile nilimpelekea gauni la kulalia. Alikuwa amepungua sana na yale aliyokuwa nayo yalimvuka mabega, kwa hiyo nilikata jingine, la pamba nyepesi, pindo la bluu, vifungo mbele asisumbuke kuinua mikono. Niliingia saa nane na dakika kumi. Alikuwa macho, ameegemea mito. Kiti kilikuwa kitupu.

"Karibu, fundi," akasema. "Umeleta?"

"Nimeleta. Mtu wako wa zamu yuko wapi?"

Akanielekeza kabatini kwa kidevu. Nikasoma. Jumanne tarehe 14, saa sita hadi saa nane, mpishi wa zamani. Saa kumi hadi saa kumi na mbili, Mrefu. Kuanzia saa nane hadi saa kumi, mstari mtupu. Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Ona sasa. Watu arobaini, dada, na saa waliyoiacha ni hii hii."

Akaanza kucheka, kidogo kidogo, akibana pumzi isimtoroke. "Wamenizoea," akasema. "Huo mstari ni wangu."

Nilisimama pale na gauni mkononi mpaka nikaelewa. Zaidi ya miaka thelathini, pengo lolote kwenye karatasi yoyote lilikuwa linajazwa na yeye. Macho ya watu arobaini yalipita juu ya mstari ule, na ya aliyeupanga pia, na hakuna hata moja lililoshtuka, kwa sababu mstari mtupu kwao haukumaanisha hakuna mtu. Ulimaanisha yupo Mama Penseli. Walimpanga mgonjwa akae na mgonjwa mwenyewe. Hata mpishi aliyetoka saa nane alimuaga kama anavyoagwa aliyeingia zamu. Sijapata kuona kosa la upendo kama lile, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya.

"Basi kaa," dada akasema.

Nikaketi.

"Hujasema."

"Dada, mimi simo kwenye makaratasi yenu."

"Najua. Sema hivyo hivyo."

Nikasema, "Nimepokea." Akachomoa penseli sikioni akanipa, akasimamia mpaka nikaandika kwenye ule mstari: Fundi cherehani. Mwandiko wangu aliusema, kama kawaida yake. Kisha nikambadilisha gauni. Lilimkaa vizuri. Akapapasa pindo, akaniambia mshono umenyooka, neno nililolisubiri tangu nikiwa na miaka kumi na sita.

Chumba kilikuwa na mwanga ule wa mchana unaoingia kupitia vitambaa. Shuka zilikuwa zimeanikwa kamba zote, na vivuli vyake vilikuwa vinapita ukutani, juu ya kitanda, juu ya mikono yetu. Akaniuliza, "Zinatembea?" Nikamwambia zinatembea. Akafumba macho. Nilijua anachofanya. Alikuwa ameingia mwezi ujao kupitia mapokezi, na mara kwa mara alinitajia alichokiona, sauti iko chini kabisa. Wa maabara arudishwe mchana, asubuhi anasinzia. Mrefu asipangwe tarehe ishirini na tano, mjukuu wake anahitimu, yeye atasema hana haja lakini ana haja. Shemeji yako akumbushwe kula. Kisha vivuli vikapita, nami nikaanza kuwa mzito wa macho kama nilivyokuwa nikilazwa chali uani.

"Na wewe, uko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Mwisho wa koridoni," akasema. "Mama yupo. Bado ametazama mlangoni." Akapumua. "Ngoja niingie nimwambie nimefika."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na tano. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Sikulala, na sikuondoka. Nilikaa mpaka nilipokuwa na hakika, nikamfumba vizuri kope, nikaweka penseli mfukoni, ndipo nikainuka kutafuta mtu. Wauguzi wa wodi walikuwa chumba cha pili na mgonjwa aliyezidiwa. Nikatafuta daktari, na jengo lile sijalizoea tangu walijenge upya, nikashuka ngazi zisizo zenyewe nikatokea uani kwa dobi. Nikasimama pale katikati ya shuka. Nilikuwa nalia, nitasema nini. Labda dakika ishirini.

Katika dakika hizo, Mrefu alikuwa nyumbani kwake, akatazama nakala yake, na safari hii akaona. Alikimbia, mwanamke wa miaka sitini na tisa. Aliingia akakuta kiti kitupu na rafiki yake amekwenda. Saa ile ile. Ghorofa ile ile. Akatoka kwa mlango mwingine, na niliporudi na daktari nilimkosa. Jana jioni bintiye ndiye aliyenipigia simu akaniambia, "Mama hali. Anasema ni mara ya pili. Mama mtu, na sasa mtoto." Nilimpigia mara sita. Nilikwenda kugonga. Bintiye alimweleza yote, naye akadhani tunamfariji tu.

Basi, dada Mrefu, sikufariji. Mimi sina mazoea ya kukufariji, unajua. Nakupa makabidhiano. Ulipoingia, macho yake yalikuwa yamefumbwa, na macho hayajifumbi vile. Alikuwa amevaa gauni la bluu kwenye pindo, na asubuhi ile ulimwacha na la njano. Sikioni hakukuwa na penseli. Nakala yako wewe ina mstari mtupu, lakini ya kabatini ni hii hapa, nimeishika, anayetaka aje asome: saa nane hadi saa kumi, fundi cherehani. Na kile kiti, ungekigusa ungekikuta kina joto.

Hakuwa peke yake. Kama ule mstari usingebaki wazi, mimi ningesimama dakika zangu kumi nikaondoka na kununa kwangu, na leo ningekuwa ndiye niliyeketi nyuma. Kosa lako lilinipa nusu saa na dada yangu ambayo nilikuwa nimejinyima mwenyewe. Kwa hiyo njoo mbele. Hapa kando yangu pana nafasi, na safari hii nimekuandika.

Marehemu ameacha mume, fundi umeme mstaafu. Watoto wawili, mfamasia na mwalimu. Wajukuu wanne, wa mwisho akiwa na meno mawili. Mdogo wake mmoja wa tumbo moja, fundi cherehani. Dada mmoja wa stoo ya shuka, muuguzi, mrefu. Na watu wa zamu wa miaka arobaini, ambao ratiba yao ya kukaa naye ilikuwa imeandikwa mpaka tarehe 31 Mei. Shemeji ameomba isifutwe. Waliokuwa na siku zilizobaki watamtembelea yeye nyumbani, saa zile zile, na wahakikishe amekula.

Sasa naomba wote mliowahi kufanya kazi naye msimame. Amekaa muda mrefu, na hawezi kuondoka mpaka asikie. Mnajua la kusema, na naomba Mrefu aanze.

Tumepokea, dada. Nenda kwa amani ukapumzike.